Amina za Kumrudisha Mke Wangu

Niliwahi kuamini kabisa uvumi wa kijijini kwetu Ihanda kwamba ukiweka novena, ile sala ya siku tisa, ya Mtakatifu Antoni mtandaoni, watu elfu wakaandika "Amina", aliyepotea hurudi. Basi mimi, mhitimu wa masomo ya jioni na mshauri wa kiroho wa Wakatoliki mtandaoni, nikaiweka novena hiyo pamoja na picha ya mke wangu aliyeondoka kwa hasira. Kitanda kilikuwa kimepanuka kama uwanja wa ndege.

"Amina, wapendwa! Mtakatifu anamtafuta!" niliandika.

Amina zikamiminika. Kila pikipiki ikipita, nilichungulia migombani.

Kisha mke wangu akajibu mwenyewe, mbele ya wote: "Baba Koku, sijapotea. Niko kwa mama, Nyabiyonza, unapajua. Muache mtakatifu apumzike. Beba kibuyu cha pombe ya rubisi, uje uwaombe wazazi radhi kama wanaume wengine."