Geuza na ya Jirani

Ukiwa na safari ya Ngara, ukifika njia panda ya Rusumo utakiona kibao chekundu: STEKI YA KUJICHOMEA, BEI CHEE. Usihangaike kuuliza, moshi wenyewe utakuelekeza. Mimi nikipita hapo siku hizi nafunga dirisha la gari, na abiria wenzangu wananikasirikia kwa sababu ya joto. Wakasirike tu. Harufu ile ya mafuta yanayodondokea mkaa inanirudisha mahali pawili kwa mkupuo, na kote huko simkuti mtu.

Mahali pa kwanza ni mnada wa ng'ombe wa utotoni mwangu, upande wa Lukole, enzi ya makambi ya wakimbizi. Baba yangu alikuwa anaswaga ng'ombe wa watu kwa miguu kutoka kijijini kwetu hadi mnadani, fimbo begani, mimi nyuma yake nikikwepa mavi. Mama hakupenda. Alikuwa anasema, "Mtoto wa kike mnadani anatafuta nini?" Baba anajibu, "Nyama." Basi, mjadala umekwisha. Na kweli nilikuwa nafuata nyama, nisikudanganye. Kwetu nyama ilikuwa ya Krismasi na ya misiba. Siku nyingine zote ni ndizi na maharage, maharage na ndizi, mpaka unamwota mbuzi wa watu.

Pale mnadani hapakuwa na hoteli. Kulikuwa na mtaro mrefu uliochimbwa ardhini, umejaa makaa, na mama mmoja mnene ambaye wote tulimwita mama wa moto. Yeye hakupika. Unanunua nyama yako kwa muuza nyama aliyeitundika chini ya turubai, unafungiwa kwenye jani la mgomba, unakwenda kwa mama wa moto anakupa kijiti na chumvi, unajichomea mwenyewe. Ndiyo maana ilikuwa rahisi hata mswaga ng'ombe akaimudu. Ukitaka ndizi ya kuchoma, anayo majivuni. Ukitaka kulalamika kwamba nyama ni ngumu, anakwambia, "Si umechoma mwenyewe? Jilaumu."

Lakini alikuwa na sheria yake, na ole wako uivunje. Vijiti vyote vilichomekwa kwenye udongo kando ya mtaro, vya Wahangaza wenyeji, vya Warundi wa kambini, vya Wasukuma waliotoka mbali na mifugo yao. Wenyewe walikuwa hawatulii. Huyu kaitwa kuangalia ng'ombe wake, yule yuko kwenye kugombania bei. Kwa hiyo aliyebaki motoni anageuza vyote ambavyo mkono wake unavifikia, vya anayemjua na vya asiyemjua. Mwenye nyama akirudi, anakata kipande cha kwanza anakiweka kwenye kiganja cha aliyemgeuzia, ndipo na yeye anakula. Hakuna kuombana, hakuna asante nyingi. "Geuza na ya jirani!" mama wa moto alikuwa anafoka akimwona mtu amekodolea macho nyama yake tu. Alitamka "jilani", wala hatukumcheka, maana nusu yetu tulitamka hivyo hivyo.

Mimi pale motoni nilikuwa na swali moja.

"Imeiva?"

"Bado," anasema baba.

Nakaa kidogo. Ng'ombe wanalia nyuma yetu, mnadishaji anapiga kelele mpaka sauti inamkauka, mate yananijaa mdomoni.

"Sasa?"

"Bado. Ukiuliza tena tutakula kesho."

Nanyamaza, maana nilikuwa mjinga kiasi cha kuamini. Halafu baba anaibonyeza nyama kwa kidole gumba, anainusa, anasema, "Haya." Hilo "haya" lake, jamani! Sijasikia neno tamu kuliko lile tena. Alikuwa anatafuna mfupa mpaka unalia, kisha anaugonga kwenye jiwe na kunipa uboho ninyonye. Tulirudi nyumbani midomo inang'aa mafuta, na mama anajifanya hajaona mpaka apewe fungu lake kwenye jani.

Kisha wakimbizi wakarudishwa kwao, makambi yakafungwa, na mnada ukahama. Niliwahi kwenda kuutafuta ule mtaro. Nikakuta nyasi zinanifika kiunoni na mtu amepanda mihogo. Mama wa moto hakuna anayejua alikoishia. Nilisimama pale nikiwa mtu mzima na viatu vyangu vya kazini, nikajiona mpumbavu kabisa.

Mahali pa pili ni hapo penye kibao, mwaka jana. Nilikuwa namtoa baba hospitalini Biharamulo. Uvimbe ulikuwa umeziba koo lake, uji tu ndio uliopita, nao kwa taabu. Daktari aliniita pembeni akasema kwa upole, "Dada, mrudishe mzee nyumbani. Mpe chochote anachopenda kula."

Anachopenda kula! Nilitaka kucheka, nikalia. Baba alikuwa kwenye benchi, koti limemning'inia mwilini. Akasema, "Twende zetu."

Tulipokaribia njia panda, yeye ndiye aliyekiona kibao. Akamgusa dereva wa taksi begani. "Simama hapa. Nataka nikachome nyama."

Nikwambie ukweli, nilishikwa na tumaini la kijinga. Niliwaza kwamba akikaa mbele ya moto, akaisikia harufu ile, koo litakumbuka kazi yake. Sikuomba apone. Niliomba ameze kipande kimoja.

Ndani ni pazuri, siwezi kusema uongo. Meza za vigae, kila moja ina jiko la mkaa katikati na wavu juu yake, koleo, pilipili na kachumbari pembeni. Unaletewa nyama mbichi kwenye sahani, unachoma mwenyewe, na kwa sababu hiyo ni rahisi kweli. Mchana panajaa madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka. Mhudumu, binti mdogo, akamwamkia baba shikamoo, akatuketisha na dereva mmoja wa lori. Jiko moja, yeye upande wake, sisi upande wetu.

Baba alikunja mikono ya koti, akailaza steki kwenye wavu. Uso wake ulibadilika, nikamwona yule mswaga ng'ombe. Mara dereva wa lori akapigiwa simu na wakala wake wa forodha, akatoka nje kuongea. Nyama yake ikaanza kuungua upande mmoja. Baba hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha koleo, akaigeuza, akaisogeza mahali penye moto mzuri, akarudi kwenye yetu. Dereva aliporudi, baba alikuwa amekwisha kukunjua kiganja juu ya meza. Alikuwa anangoja kipande chake cha kwanza.

"We mzee, vipi? Nyama yako si hiyo hapo?"

"Nimekugeuzia," alisema baba.

"Nani kakutuma? Unaumwa hivyo halafu unashika chakula cha watu!"

Akachukua soda yake akahamia meza nyingine, akaagiza nyama mpya. Ile ya kwanza akaiacha pale pale motoni. Mimi nilikwisha kusimama, matusi yakiwa ulimini, lakini baba alinishika mkono. "Mwache. Hajui." Kiganja chake kilikuwa baridi. Akaliweka koleo mezani na hakulishika tena.

Nikalishika mimi. Nyama yetu ilikuwa imeanza kutoa mafuta, rangi imekubali, harufu imekamilika. Baba aliitazama, akanitazama mimi.

"Imeiva?"

Ilikuwa imeiva. Mtoto mdogo angeona. Lakini nikisema imeiva, itabidi nikate, nimpe, naye ajaribu mbele ya macho yangu. Na usoni pake niliona kwamba anajua, na anaogopa kuliko mimi.

"Bado," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Mafuta yaliendelea kulia kwenye mkaa, kingo zikaanza kuwa nyeusi.

"Sasa?"

"Bado, baba. Ukiuliza tena tutakula kesho."

Akacheka, kicheko cha mabega tu, sauti haikutoka. Mtu aliyechoma nyama maisha yake yote alikaa mbele ya nyama inayoungua akakubali kwamba ni mbichi. Mhudumu akaja mbio, "Dada, inaungua!" Nikamwambia aiache.

Tulimzika mvua za vuli zilipoanza. Msibani watu walikula nyama, kama ilivyo desturi, na mimi nilishindwa hata kukaa karibu na masufuria.

Siku ile tulipoondoka pale penye kibao nilikuwa nimemshika kiuno, mwepesi mpaka niliogopa. Mlangoni aligeuka kuitazama meza yetu. Nyama mbili zilikuwa juu ya wavu, yetu na ya dereva, zinatoa moshi mweusi. Watu walikuwa wamejaa kila upande, wanakula. Hakuna aliyenyoosha mkono.