Miguu Niliyoichora Mbele ya Mama Mkwe

Kuna kanisa moja pale Oyugis ambalo nikipita karibu nalo hadi leo naangalia upande ule mwingine wa barabara, na hakuna aliyenikosea huko, ni aibu tu, aibu niliyojitafutia mwenyewe kwa kalamu nene na karatasi ya manila.

Mimi nashughulika na takwimu kwenye hospitali moja huko Migori. Wagonjwa wakishabadilishiwa goti (sehemu iliyolika inatolewa, inawekwa chuma na plastiki), mimi ndiye huwapigia simu kuwauliza maumivu yako wapi kati ya sifuri na kumi, naingiza kwenye kompyuta, basi. Sasa daktari akaniomba niende ukumbi wa kanisa Oyugis niwaeleze matokeo watu wanaofikiria kupasuliwa, na kati ya hao watu alikuwemo mama mkwe wangu.

Mnajua sisi Wajaluo na mama mkwe. Humkaribii, humshiki, hamzoeani, mnasalimiana kwa mbali. Goti lake lilikuwa limepinda vibaya, sokoni haendi tena, kanisani anapelekwa na bodaboda mpaka mlangoni, na alikuwa amemwambia mke wangu Akinyi kwamba atasikiliza matokeo kwanza, yakimridhisha atakubali, yasipomridhisha tusimsumbue tena na habari ya hospitali.

Akinyi akaniambia, "Baba Achieng', wewe chora tu zile nguzo zenu za kawaida za kuonyesha namba."

Nguzo? Nikaona nguzo ni za watu wa ofisi, hawa wazee watapata nini kwa nguzo, heri nichore miguu. Mguu mrefu, maumivu mengi. Mguu mfupi, maumivu kidogo. Nikajiona mjanja kweli, nikachora mpaka kucha.

Siku ikafika, ukumbi umejaa watu na fimbo zao, nikabandika manila yangu ukutani. Mguu wa kabla ya upasuaji ulifika juu kabisa ya karatasi. Wa miezi michache baadaye, nusu yake. Wa mwaka mmoja baadaye ulikuwa kisigino na vidole tu. Nikapiga makofi kuwachangamsha, nikapiga peke yangu.

Mzee mmoja wa mbele akavua kofia. "Daktari," akaniita (mimi si daktari, na sikumrekebisha, hiyo nayo ni aibu nyingine), "huyu wa mwisho bado yuko hai?"

"Yuko hai na ana furaha sana, mzee. Huyo ndiye amepona kabisa. Tunataka nyote mfike hapo."

Wueh. Minong'ono ikaanza, akina mama wakavuta sketi wakafunika magoti, na mimi, badala ya kutamka lile neno moja tu, maumivu, nikazidi kujichimbia: "Msiogope, hata uwe mrefu namna gani, tutaupunguza polepole mpaka uishe."

Mama mkwe akachukua fimbo yake akasimama, akaanza kuelekea mlangoni, Akinyi nyuma yake anambembeleza. Na mimi mkwe ningefanya nini, nimshike mkono? Nilibaki pale kando ya manila yangu, nikijua nimemnyima goti kwa ujanja wangu.

Hapo akainuka Mama Roselida, fundi wa nguo kutoka Rongo, aliyealikwa kutoa ushuhuda kwa sababu goti lake la kulia lilikuwa limebadilishwa. Nilikuwa nimeongea naye kwa simu mara nyingi, maumivu yake yalishuka kutoka tisa hadi moja, lakini macho yangu hayakuwa yamemwona.

"Ngojeni," akasema. "Miguu yangu iko hapa. Ipimeni."

Akatoa tepu yake ya kupimia nguo akampa mke wa mchungaji. Wanaume tukaambiwa tugeuke, akina mama wakashika leso kama pazia, akalala kwenye benchi wakampima. Wakarudia.

"Huu uliopasuliwa ndio mrefu," mke wa mchungaji akasema.

"Si ulikuwa umepinda," akajibu Mama Roselida, "wakaunyoosha."

Kisha akapanda ngazi za jukwaa bila kushika kitu, na akashuka, na kushuka ndiko kunakowatesa watu wa magoti. Jamani, ile moja yangu ya kwenye kompyuta ilikuwa inashuka ngazi. Mtu aliyekuwa akishikwa kupelekwa chooni, ndani ya goti ana chuma, na goti linakunjika na kunyooka bila sauti, na mimi miaka yote hiyo nilidhani ninaandika namba. Nililia kidogo, sifichi.

Mama mkwe alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Akarudi, akaketi karibu na Mama Roselida, akaweka kiganja juu ya kovu la goti la mwenzake. Halafu, bila kunitazama, akamwambia Akinyi kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

"Mwambie Baba Achieng' aniandikishe. Lakini mguu wangu asiuchore."

Walicheka mpaka mchungaji. Siku hizi nachora nguzo, na juu ya kila nguzo naandika MAUMIVU kwa herufi kubwa, na sitathubutu kuchora hata ukucha.

Mama alipasuliwa. Juzi nilikutana naye Oyugis akienda sokoni, bila fimbo, bila bodaboda. Nikampisha njia, nikainamisha kichwa kama mkwe anavyotakiwa, lakini macho yalinishinda, nikautazama ule mguu mpaka akakata kona.