Kamba ya Pamba na Mifuo ya Ubongo

Watu huniuliza kwa nini sikai mahali zaidi ya misimu miwili. Huwa nakumbuka kamba iliyowahi kunishika mahali pamoja.

Nilipofika Kasongo kusomea uuguzi nilikuwa na nia moja tu: nisirudi kwetu Kabambare kulima pamba. Enzi zile za Wabelgiji kila mwanamume kijijini alipewa kipande chake cha pamba, atake asitake. Aliyefaulu shuleni ndiye aliyesamehewa.

Masere, mtawa aliyetufundisha mwili wa binadamu, alitundika picha ya ubongo. Alipitisha kidole kwenye nafasi zilizozama kati ya mikunjo.

"Hii inaitwa sulcus. Ni Kilatini. Warumi wa zamani waliita hivyo mfuo unaoachwa shambani na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Madaktari waliona vinafanana, wakachukua jina."

Hakuna kati yetu aliyewahi kuona jembe la namna hiyo. Kwetu ng'ombe hawakai, mbung'o huwamaliza. Mwenzangu wa benchi, mwenyeji wa Kasongo, akaninong'oneza, "Pole ndugu, pamba yenu imekufuata mpaka mu kichwa."

Siku ya mtihani tuliambiwa tuchore ubongo bila kutazama picha. Picha ilinipotea kabisa. Likabaki neno lile, na shamba. Nami mfuo nilioujua ni ule wa pamba, unaochimbwa kwa kufuata kamba: baba ncha hii, mimi ncha ile, moniteri, msimamizi wa kilimo wa serikali, akitembea katikati. Mstari ukipinda, mnafukia, mnaanza upya. Nikachukua rula. Nikachora mifuo kumi na miwili, yote imenyooka, yote imelingana.

Masere aliinua karatasi yangu darasa zima lione.

"Mutu mwenye ubongo kama hii iko wapi?"

"Iko kwa shamba, Masere," mwenzangu akajibu.

Darasa likacheka. Nami nikacheka, maana sikujua nifanye nini na uso wangu.

Nilifeli, na baada ya wiki mbili nilikuwa nimerudi Kabambare. Baba alinipa ncha ya kamba, akaenda na ya pili hadi mwisho wa shamba.

"Vuta," akasema. "Iko inalegea."

Nikavuta. Hapo ndipo picha ya Masere iliponirudia yote, kila mfuo ukipinda unavyotaka. Lakini kamba ilikwisha kunyooka, na moniteri alikuwa anakuja.