Wavu wa Inshirahi

Miaka mingi nimempigia Inshirahi ngoma katika harusi za vichochoro vya Kairo, na sijaona mchezaji aliyeiogopa sheria kama yeye. Sheria inataka tumbo la mchezaji lifunikwe kwa wavu. Wenzake waliuvaa siku walizohisi mkaguzi yuko karibu. Yeye aliuvaa hata kwenye mazoezi. Anayeivunja hunyang'anywa kibali cha kucheza, naye hakuwa na kazi nyingine, na mumewe alikwisha kwenda zake na mwanamke wa mji wa Tanta.

Haji Metwali, muuza ngozi, alimwoza mwanawe, akatujengea jukwaa mtaani. Tulianza baada ya alasiri. Inshirahi alipopamba moto, Haji mwenyewe akapanda kumtuza, akataka kumchomekea noti kiunoni. Pete yake ikanasa wavuni. Akavuta. Wavu ukapasuka kutoka kifuani hadi nyonga.

Inshirahi akasimama. "Ngojeni niushone."

"Ushone nini, bibi we! Tumemwita mchezaji, hatukumwita fundi cherehani!" Wageni wakaangua kicheko.

"Haji, nitanyang'anywa kibali."

"Mtaani kwangu? Nani atakugusa? Cheza!"

Akacheza, mkono mmoja umeshikilia wavu. Roho iliniuma. Jirani mmoja alikwisha piga simu, na wimbo haujaisha polisi wa maadili wakafika.

Mahakamani, shtaka lilikuwa kufanya uchafu hadharani na kuwa kero kwa watu. Nikageuza shingo nimwone huyo aliyekereka. Akasimama Haji Metwali, kanzu imenyooka kwa pasi, tasbihi mkononi. Asingelalamika, angeshtakiwa yeye mwenye shughuli. Eti aliona haya, hakujua pa kuyaweka macho. Macho yake! Yalikuwa yameganda tumboni kwa Inshirahi tangu ngoma ya kwanza. Nililisema hilo kwa sauti, hakimu akanitoa nje.

Kibali kikafutwa. Haji akaenda zake nyumbani.

Juzi nikiwa kwa Inshirahi tunakunywa chai, Haji akabisha hodi.

"Dada Inshirahi, yaliyopita si ndwele. Mwanangu mdogo naye anaoa. Safari hii ni ndani kwangu, milango imefungwa, polisi hawaingii. Utacheza tutakavyo."

"Toka!" nikafoka. "Mzee mzima huna hata chembe ya aibu?"

"Sikukuuliza wewe, mpiga ngoma."

Inshirahi alikuwa bado ameshika bilauri. Nilimwomba Mungu Inshirahi ammwagie Haji chai ile usoni.

"Lini?" akauliza.