Majina Yaliyokatizwa Maisaka

Mwanangu, ipo alasiri moja ya Alhamisi ambayo mpaka leo hainiachi. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nimepanga chumba mtaa wa Maisaka, karibu na ziwa, kwa Mzee Shomari, muuza vitenge. Mzee alikuwa mgonjwa, na siku hiyo alitaka kumwachia mjukuu wake Mwanaidi majina ya wazee wao, kuanzia wa kwanza. Alikuwa amebaki peke yake anayeyajua. Kwao majina ya wafu hayakatizwi. Yakikatizwa, yanangoja Alhamisi nyingine.

"Kaka msomi, kaa, ila funga mdomo," Mwanaidi alinitania, daftari mapajani.

Mzee akaanza. "Shirazi, aliyejenga mji Uajemi ukaitwa kwa jina lake. Akamzaa Hasani." Baada ya kila jina alinyamaza, akatega sikio, akatikisa kichwa kukubali kama mtu aliyeitikiwa. Mimi sikusikia kitu, lakini nywele zilinisimama.

Nami, badala ya kusikiliza, nikawa nawaza. Nikinyamaza, si nitakuwa nimeshuhudia uongo? Nikisema, si utovu wa adabu? Chuoni tulifundishwa kuwa hilo la Shirazi ni jina la mji, si la mtu. Kwamba vibao vya udongo vya kale vinautaja kwa jina la Tirazish, vinywa vya vizazi vingi vikalilainisha hata likawa Shiraz, na baadaye kule pwani wakawapo watu waliojiita Washirazi. Mzee alipofika jina la nne, yote yakanitoka mdomoni.

Upepo wa ziwani ulikatika. Mzee akatega sikio. Akangoja. Akangoja tena.

"Babu?" Mwanaidi akaita.

"Wamenyamaza." Kisha akanigeukia, macho yake yakapita juu ya bega langu. "Wanakutazama wewe, mwanangu. Ulilosema huenda ni kweli. Ila mimi nilikuwa nawaita watu."

Sikuthubutu kugeuka.

Alhamisi iliyofuata haikumkuta Mzee hai. Daftari la Mwanaidi lina majina manne, kisha kurasa tupu, kisha jina la babu yake.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, na haikunisaidia. Basi elimu itafute, na majina yafuatilie hadi chimbuko lake. Lakini mzee anapowataja wafu wake, msikilize mpaka amalize. Swali lako lina kesho; yeye huenda hana.

Mungu akupe elimu yenye masikio, mwanangu, na akukutanishe na wazee wako wakiwa bado na pumzi.