Si Tumbo, ni Utumbo

Ilianza Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwenye kipindi cha Jiografia. Nilikuwa kidato cha tatu. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa naichungulia mkononi mwa mwalimu, nikiomba ifike nne na nusu kengele ya mapumziko ilie. Tumbo lilikuwa linanikamua kama mtu anavyokamua nguo ya kufua. Nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kwenda nje."

"Dakika kumi tu zinakushinda? Kaa."

Nilikaa. Mimi nikiambiwa kaa, nakaa. Kengele ilipolia sikukimbia, maana ukikimbia kuelekea vyoo vya wasichana, wavulana wanajua. Nilitembea taratibu huku nimejibana. Kule ndani niliona damu, nikajiambia siku zangu zimewahi. Wiki iliyofuata zikawahi tena. Karibu muhula mzima nilijiambia hivyo hivyo, navaa pedi kila siku, na moyoni nilishajua damu inatokea wapi. Damu ya mwezi unaweza kumnong'oneza mama. Damu ya haja kubwa unamwambia nani?

Kwetu ni Kagongwa. Mama ananunua mpunga kwa wakulima, anaukoboa mashineni, anauza mchele. Baba ni mchimbaji, siku zote yuko upande wa Geita, na sasa yuko machimbo ya karibu na Buseresere. Sauti yake ya kwenye simu naijua kuliko uso wake. Nyumbani tunaishi watatu: mimi, mama, na bibi aliyemzaa mama, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hapendi kukisema.

Kwanza sketi ya shule ilianza kuzunguka kiunoni. Nikaikunja mkanda, baadaye nikaweka pini, baadaye nikaifunga kwa kamba ya gunia ndani ya sweta. Siku za Jumamosi nilikuwa namsaidia mama mashineni. Pale kuna mzani mkubwa wa kupimia magunia, na makuli wanaobeba. Mpunga ukikaa juani unapungua uzito, ndiyo maana mama huung'ata punje kabla ya kununua, asikie kama umekauka sawasawa. Siku moja kuli mmoja, mtu wa utani sana, aliniangalia nikipita na ufagio, akasema kwa sauti, "Mama, huyu binti umemwanika tangu lini? Ameshakauka huyu, mwingize mashineni akobolewe."

Walicheka wote. Mama naye alicheka. Jioni, jikoni, nilipokuwa nachochea kuni, alinishika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana. Hakucheka tena.

Shuleni walikuwa na jina lao. "Kakanyaga waya yule." Sikuwahi kumjibu mtu. Nilikuwa nahesabiwa kuwa na UKIMWI na sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana. Ningecheka kama kicheko kingekuwa kinatoka.

Tulizunguka. Zahanati walisema taifodi, halafu amiba, halafu minyoo. Mwisho tukapewa rufaa kwenda Mwanza. Huko waliniingiza mpira wenye kamera, kwa njia ambayo hata hapa siiandiki. Nililia bila sauti, na nesi akanifuta machozi kwa kitambaa cha kufutia mikono. Baadaye daktari alituita. Alikuwa kijana, amechoka, na mlangoni watu walikuwa wamejaa. Alisema, "Utumbo wake mpana umejaa vidonda. Ni kinga ya mwili wake yenyewe inayoupiga. Ugonjwa huu hauishi, ila mtu anaishi nao. Damu ikitoka asile maharage wala kabichi. Na dawa hizi asiziache bila mimi kujua."

Mama aliitikia kila neno. "Ndiyo, daktari. Ndiyo." Tulipotoka nje tu, akampigia baba.

"Baba Kulwa," alisema. Baba wanamwita hivyo kwa sababu ya mapacha waliozaliwa kabla yangu, hawapo tena. "Tumepata jibu. Ni vidonda vya tumbo. Mungu ni mwema, mimi nilishawaza mambo mengine."

Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Sijawahi kumwona mama amefurahi vile hadharani. Alipokata simu nilimvuta upande wa kanga.

"Mama, amesema utumbo."

"Si ndiyo huko huko?"

"Tumbo ni lingine, mama. Huu ni—"

"Twende, gari litatuacha."

Toka siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu maishani: mama aelewe ninaumwa nini. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa herufi moja.

Lakini vidonda vya tumbo kwetu ni kama mafua. Kila mtu anavyo au shangazi yake anavyo, na kila mtu anajua dawa. Habari ilifika mashineni kabla yetu. Jirani yetu, mwanamke anayeuza mkaa, alikuja jioni ile ile na kabichi zima amelibeba kwapani kama mtoto.

"Mimi mwenyewe vilinitesa miaka," alimwambia mama. "Unalitwanga bichi, unalichuja, anakunywa bilauri moja kabla hajala kitu. Niangalie mimi. Si nimenona?"

Kweli alikuwa amenona. Mama alimtazama kama mtu anayetazama picha ya kesho yangu.

Nilisema daktari amekataza kabichi. Jirani akasema madaktari wa siku hizi watoto wadogo. Nilimwangalia bibi anisaidie. Bibi alikuwa anachambua karanga. Kwa Kisukuma tumbo ni nda, na kwa bibi chochote kinachouma humo ndani ni hiyo hiyo.

"Nda duhu, ng'wanone," alisema. Ni tumbo tu, mwanangu. Akanipa karanga.

Nilimeza vidonge hata hivyo, vya njano na vile vidogo vyeupe, na vikafanya kazi. Damu ilikatika. Nililala bila kuamka. Halafu uso wangu ukaanza kuvimba. Mashavu yakawa ya duara, yanang'aa. Daktari alishasema vile vidogo vyeupe vinaweza kufanya hivyo, lakini nani alikumbuka. Mikono na miguu ilibaki vijiti, ila watu huangalia uso.

"Umenawiri," waliniambia njiani. "Umependeza, binti."

Shuleni walioniita wa waya sasa wakasema nina mimba. Matroni aliniita ofisini, akanipa kikopo nikojoe. Kipimo kilipoonyesha sina kitu alikitikisa kidogo, kama saa iliyosimama.

Mama alifurahi kuliko wote. Alinipeleka kanisani na gauni jipya. Na Jumapili ile, baada ya chakula, alichukua dawa zangu akaziweka juu ya kabati.

"Zinatosha sasa. Umepona. Vidonge vikizidi vinaharibu figo, unataka na figo ziharibike?"

"Mama, daktari amesema nisiache."

"Daktari hajakuona ulivyo sasa."

Kabati lenyewe halikuwa refu, ningeweza kunyoosha mkono. Lakini nilikuwa nimeitwa mzuri kwa mara ya kwanza tangu darasa la saba, na mama alikuwa anaimba akiosha vyombo.

Uso ulisinyaa ndani ya wiki chache, kama puto. Damu ikarudi na marafiki zake. Sasa nilikuwa naenda chooni na ndoo ya maji usiku na mchana, mpaka bibi akaniwekea kigoda kule njiani nipumzike nikirudi. Baba aliposikia alipiga simu.

"Mwanangu, kula. Jikaze ule."

"Nakula, baba."

"Huku kuna mzee anatibu hivyo vidonda, amewatibu wachimbaji wengi. Nimempa kondakta chupa, leo jioni itafika. Duara likitema dhahabu nitakuja mwenyewe, nikununulie mbuzi mzima."

Duara ni lile shimo lao. Lingetema lini, hata yeye hajui, lakini chupa ilifika kweli, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, dawa nyeusi yenye mashapo ya mizizi. Mama aliitikisa, akanipimia kwa kijiko cha chai. Nilikunywa kwa sababu baba aliitafuta. Siku mbili sikuweza kusimama.

Mchana mmoja makuli walipokwenda kula nilipanda kwenye mzani. Nilivua viatu, sijui kwa nini, labda kwa heshima. Pembeni palikuwa na mfuko wa saruji wa mwenye mashine, na uzito wake umeandikwa ubavuni. Mimi nilikuwa chini ya saruji, mbali chini. Nilishuka nikavaa viatu. Yule kuli wa utani alikuwa mlangoni na sahani yake ya ugali. Aliniona. Nilisubiri aseme neno. Alinikaribisha chakula tu, "Karibu, dada," na sauti yake ilikuwa ya msibani.

Tulirudi Mwanza juzi. Nilipanda mzani wa pale, nesi akaangalia, akarudia kuangalia. Daktari alikuwa yule yule. Aliuliza dawa niliziacha lini, mama akamweleza vizuri, bila kuficha, hata kabichi, hata chupa. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mama, nani alikuambia ni vidonda vya tumbo?"

"Wewe, daktari."

"Mimi nilisema utumbo. U-tumbo." Akachukua karatasi akachora mfuko, na chini yake bomba refu linalozunguka. Akaupiga mfuko mstari. "Huku hana shida." Akapaka bomba wino mpaka karatasi ikatoboka. "Shida iko huku kote."

Mama aliivuta ile karatasi upande wake.

"Basi mpasueni mkitoe hicho kipande."

"Huenda tukafika huko. Lakini kwa mwili huu hatuwezi kumpasua, hatastahimili. Aanze dawa tena, ingawa safari hii sina uhakika zitaushika. Kwanza aongezeke uzito."

"Aongezekeje, na chakula chenyewe hakikai ndani?"

Daktari alivuta daftari lake. Alisema atatuandikia tarehe ya kurudi.

Kwenye basi mama alikaa dirishani. Tulipita Shinyanga. Karibu na Isaka akaniuliza bila kugeuka, "Na wewe ulijua?"

"Nilikuambia, mama. Siku ile nje, na nyumbani."

"Uliniambia kwa sauti gani?"

Sauti yangu anaijua. Ndiye aliyenifundisha msichana aongee taratibu mbele ya watu. Aliufungua mkono wangu uliokuwa mapajani, akaweka wake ndani, tukabaki hivyo mpaka tukashuka. Mkono wake ulikuwa na joto. Haukuniambia kitu kingine.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikasikia kinu. Nilijua ni nini kabla sijatoka. Mama alikuwa uani, amefunga kanga kifuani, anatwanga kabichi. Vidonge vyangu alikuwa ameshavishusha kutoka kabatini, vimepangwa kwenye kisosi. Na pembeni yake bilauri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelalaje?"

"Salama."

Alichuja maji yake kwenye bilauri. Alijua, na alijua kwamba najua. Ile karatasi ya daktari ilikuwa imekunjwa kwenye pindo la kanga yake, niliiona ncha. Lakini alikuwa ameamka mapema na mikono haikuwa na kitu kingine cha kufanya. Alininyooshea bilauri bila kuniangalia usoni.

Nilimeza vidonge, halafu nikanywa yote. Nikaosha bilauri, nikaifunika. Kisha nikachukua ndoo nikachota maji, nikaenda kukaa kwenye kigoda cha bibi, kule njia ya chooni, kusubiri.