Ngozi ya Usukani

Gari lenyewe halikuwa letu, na hilo nalisema mapema kwa sababu mume wangu alilizungumzia kana kwamba amelizaa yeye. Lilikuwa la Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa katikati ya mji. Gari dogo la Kiingereza, la kijani, viti viwili tu, bila paa, lenye mngurumo wa kuamsha wodi nzima ya wagonjwa. Lilikuwa limetoka ng'ambo ya mpaka, Rhodesia, kwa hiyo usukani wake ulikaa upande wa kulia, wakati magari ya Kibelgiji yaliyojaa mjini kwetu yalikuwa na usukani kushoto. Upande huo wa kulia ndio uliotutoa jasho.

Zilikuwa siku zile Katanga ilipokuwa na bendera yake yenye misalaba ya shaba, na mji wetu ukiandikwa Élisabethville kwenye bahasha huku sisi wenyewe tukisema Lubumbashi. Mume wangu alikuwa dereva na fundi wa yule Mgiriki. Katika mapigano ya Desemba, akifunga dirisha la nyumba yetu kule Naviundu, kipande cha chuma kilikuja kutoka nisikojua kikampasua mkono wa kulia. Watawa wa zahanati walimshona vizuri, nami ni mshonaji, najua mshono mzuri nikiuona. Kidonda kilifunga. Lakini kidole cha mwisho na mwenzake wa jirani havikurudi. Havikujikunja sawasawa, wala havikusikia chochote. Siku moja nilimchoma kimoja kwa sindano akiwa anatazama nje, akaendelea kutazama nje. Nilikwenda uani nikalia kwa hasira, sijui nilimkasirikia nani.

Sasa mtu atasema: mkono wa kushoto si upo? Upo. Lakini katika gari lile la usukani wa kulia, mkono wa kushoto ndio unaobadili gia, na kila unapokwenda kwenye gia, mkono wa kulia unabaki peke yake na usukani. Kama lingekuwa gari la Kibelgiji, mambo yangekuwa kinyume na tungelala usingizi wetu.

Kiangazi kilipoingia, Mgiriki akamwita. Mke wake, aliyekuwa amekimbizwa kwao tangu mapigano, alikuwa anarudi kwa ndege. Usukani wa zamani ulikuwa umepasuka kwa jua hadi ukawa unakata viganja, naye alitaka gari limpokee mkewe likiwa na usukani mpya, wa kimashindano, kama ule wa vijana matajiri waliokimbizana kwa magari siku za Jumapili. Alimwambia mume wangu aende akachague, auweke, kisha ampeleke Luano kwenye uwanja wa ndege kumlaki mke. Akiona anaweza, kazi ni yake kama zamani. Akiona hawezi, wataachana kwa heshima. Alisema hivyo kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko kama angefoka.

Bila kazi ile hatukuwa na la kutuweka mjini. Mama yangu na ndugu zangu walikuwa wamekwishapanda treni kurudi Kasai pamoja na wengi wa kwetu, maana mtu wa Kasai wakati ule alionwa adui na hakulala vizuri Lubumbashi, nao walinitumia maneno niwafuate na mtoto. Wakwe zangu wa kaskazini walimtumia mume wangu maneno arudi akalime, na hawakusema aje na nani. Kila siku tulikula tukiwa watatu mezani na hayo maneno yakiwa wa nne.

Aliniomba nifuatane naye dukani kwa kuwa, alisema, nina jicho la rangi. Nilicheka moyoni. Mtu huyu hajawahi kuniuliza rangi hata ya shati lake la harusi. Nilimfunga mtoto mgongoni tukaenda kwa Mtaliano wa vipuri, ambaye sukani zake zilining'inia ukutani kama vikaango jikoni.

Palikuwa na mmoja wa mbao. Mdogo, mwembamba, umepakwa vanishi hadi unajiona uso. Vijana wote wa mji waliamini kwamba usukani ukiwa mdogo gari linakimbia zaidi, na mume wangu, fundi mzima, nilimwona akianza kuamini vilevile. Mtaliano aliufunga kwenye kigingi cha mezani ili ajaribu. Akaushika, akauzungusha, akatabasamu kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Mimi sikutazama uso wake. Nilitazama vile vidole viwili, vimesimama nje ya mbao kama vya mama wa kizungu anayekunywa chai. Halafu yeye, macho yakiwa mbele, akaniuliza polepole, nusu ya mdomo, kama mkono umekamata.

Hapo nikaelewa kwa nini nimeletwa. Hakutaka jicho la rangi. Alitaka mtu wa kumwambia vidole vyake viko wapi.

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa mzuri sana na usukani ule. Nikamwambia:

"Papa, volant iko muzuri, lakini mukono yako haiikamate. Vidole mbili biko inje."

Mtaliano akajifanya anatafuta kitu chini ya meza, Mungu ambariki. Mume wangu aliuachia usukani wa mbao, nikadhani tutarudi nyumbani mikono mitupu. Kisha akaulizia mwingine. Pembeni, nyuma ya zile zinazong'aa, ulikuwepo mmoja mkubwa kidogo, wenye miguu mitatu ya alumini iliyotobolewa matundu, wa kimashindano kweli, lakini ngozi yake ilikuwa imeharibika njiani na Mtaliano alikuwa ameibandua. Ulibaki chuma na mpira. Mume wangu akaushika. Huo, kwa ukubwa wake, ulizunguka bila kumgombeza, ila ukingo ulikuwa mwembamba kupita hata wa mbao.

"Huu tutauvalisha," nikasema, kana kwamba nimewahi kuvalisha usukani maishani mwangu.

Nilikuwa nimewashonea mabibi harusi, watoto wa komunyo, hata mapazia ya kanisa. Sikuona usukani utanishinda nini. Nikachukua ngozi laini ya mbuzi kwa fundi viatu, nikakata vipande vya blanketi kuwa bitana ili ukingo unenepe ujaze kiganja, nikashona kwa uzi wa nta mshono mmoja mzuri kuzunguka ndani. Na kama mshonaji yeyote aliyefundishwa vizuri, niliacha nafasi. Nguo isiyoachiwa nafasi humbana mtu, hupasuka kwapani, na mwenye nguo hukusengenya mji mzima. Kwa hiyo nikaiachia ngozi yangu nafasi kidogo ya kupumua. Ilipokwisha ilipendeza hivi kwamba jirani aliuliza ni kofia ya nani.

Mgiriki alimruhusu kulijaribu gari asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Nilisimama barabarani karibu na daraja la Naviundu, baridi ya asubuhi za kiangazi cha kwetu ikinikata miguu, nikamwona anakuja. Alikuja vizuri. Kabla ya kona ya daraja akapeleka mkono wa kushoto kwenye gia, mkono wa kulia ukabaki peke yake, akakata kona. Mkono ukazunguka, ngozi ikazunguka nao, na usukani wenyewe, ndani ya ngozi, ukabaki ulivyokuwa. Gari likapita kona bila habari, likaingia kwenye matuta ya viazi vitamu ya mama mmoja wa pale, likazimika.

Hakuumia, wala gari halikupata kitu zaidi ya udongo. Mwenye viazi alisema alichokuwa nacho cha kusema, na alikuwa nacho kingi. Mimi nilikimbia nikijua tumekwisha. Nilimuona mume wangu ameketi, mikono bado kwenye usukani, anausokota ule ukingo mbele na nyuma, ngozi ikiteleza juu ya blanketi kama soksi kubwa mguuni. Nikaanza kulia na kujitukana papo hapo. Yeye akaniangalia, na sikuamini, alikuwa anacheka.

"Mama, leo haiko mukono njo ilikosa," akasema. "Iko nguo yako."

Nilitaka kumpiga. Kisha nikamsikia vizuri. Tangu Desemba, kila kilichoanguka, kila kikombe, kila bisibisi, kilianguka kwa sababu ya mkono ule, naye alikuwa amezoea kujihukumu kabla ya wengine. Siku hiyo mkono ulikuwa umefanya kazi yake, umezunguka ulipotakiwa kuzunguka, na aliyekosa alikuwa mtu mwingine. Sijawahi kufurahi kukosea namna ile, wala sitarajii kufurahi tena. Tulisukuma gari mpaka barabarani, mwenye viazi akisukuma pamoja nasi huku bado anatusema.

Nilifumua kila kitu. Blanketi nikalitupa. Fundi viatu alinipa ngozi nyingine, nene zaidi, na gundi yake yenye harufu ya kuumiza kichwa, akaniuliza kama nilidhani usukani utanenepa baada ya kuzaa hata nikauachia nafasi. Nilistahili. Safari hii nilifanya kinyume cha yote niliyofundishwa. Niliikata ngozi ikiwa fupi kuliko ukingo, nikailoweka majini usiku kucha, nikaivuta mpaka mume wangu akalazimika kuikanyaga upande mmoja na mimi nikivuta upande mwingine. Chini yake niligandisha ngozi ya pili, nyembamba, ili unene usiwe wa kuteleza. Mshono niliuweka ndani ya ukingo, na niliuacha umeinuka makusudi, kama mstari wa mfupa, mahali kidole gumba na cha shahada vinapopita. Vile viwili vikose kusikia vinavyotaka. Hivi vitatu visikie kwa niaba ya wenzao. Tukauanika kwenye jua na upepo wa kiangazi, ukakauka ukabana hata ukucha haukuingia.

Alijaribu tena, asubuhi nyingine, mara nyingi, mpaka mwenye viazi akaacha kutoka nje kutazama.

Siku ya ndege, Mgiriki alivaa suti nyeupe. Niliwaona wakipita kwenda Luano, mume wangu kulia, mwenyewe kushoto, ameshika mlango kwa mikono miwili na uso wa mtu aliye kwenye kiti cha daktari wa meno. Barabara ile ilikuwa na vizuizi vya askari, kila kizuizi gari lisimame na kuondoka, na kila kuondoka ni gia, na kila gia ni mkono wa kulia peke yake. Nilijiambia nina nguo za kushona. Sikushona hata kifungo. Nilikaa kando ya barabara na mtoto, nikidhani najua jinsi watakavyorudi. Gari lilikuwa na viti viwili. Mgiriki atakaa kwenye usukani, mke wake pembeni, na mume wangu atarudi kwa miguu kutoka Luano, na tukimwona anatembea tutajua kazi imekwisha.

Nilisikia mngurumo kabla ya kuliona. Likatokea kwenye vumbi, na kushoto aliketi mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, anazungumza bila kukoma, amegeukia pembeni, hatazami barabara kabisa. Anayeendesha alikuwa mume wangu. Wakafika kwenye kona ya daraja. Mkono wa kushoto ukashuka kwenye gia, wa kulia ukabaki na usukani, gari likaipinda kona taratibu kama maji, na yule mama hakukatisha hata neno.

Mgiriki alikuja baadaye mchana, juu ya lori la unga, suti nyeupe imekuwa nyeupe zaidi mabegani. Aliponiona aliinua kofia tu, lori likapita.

Niliingia ndani. Nyuma ya mlango lilikuwa gunia la sufuria na nguo za mtoto nililokuwa nimelifunga wiki ile bila kumwambia mume wangu. Nikalifungua, nikatoa sufuria kubwa, nikabandika ugali.